Likizo ya Juni na usomaji wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa sekondari na wazazi wao

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Juni, wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne huondoka na maswali yanayofanana, na wazazi wao hupiga simu kuuliza mengine. Majibu yafuatayo yanawalenga zaidi wanaosubiri mtihani wa Taifa wa Novemba hapa Tanzania. Wa kidato cha kwanza na cha tatu nao watapata cha kuchukua.

Mwalimu, likizo si ya kupumzika?

Ni ya kupumzika, na wiki ya kwanza upumzike kweli. Umekuwa darasani tangu Januari. Kama ulikuwa bweni, uliamka alfajiri na kulala baada ya prepo, yaani kujisomea kwa usiku, karibu kila siku. Lala, kawasalimie bibi na babu, cheza mpira, saidia kazi za nyumbani. Daftari lisubiri.

Baada ya hapo unabaki na kama wiki tatu, na humo ndimo mazungumzo yetu yalipo. Shuleni kengele inakuamulia usome nini na saa ngapi, na mwendo wa vipindi haukupi nafasi ya kujiuliza kama namna unavyosoma inakusaidia. Likizo inakupa nafasi hiyo. Ukiitumia kurundika kurasa kwa namna ileile iliyokuletea matokeo ya Mei, utarudi Julai na uchovu na matokeo yatakuwa yaleyale. Kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kusoma, na wiki tatu zinatosha kujenga mazoea mapya yakakaa.

Nimepata ripoti ya muhula. Nianze na somo gani?

Wengi huanza na somo wanalolipenda, kwa sababu linawapa raha. Wengine hujitupa kwenye lile baya kuliko yote, wakakata tamaa siku ya tatu. Chukua ripoti, kaa nayo na kalamu, uisome pamoja na viwango vya alama vya kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Daraja hupatikana kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Tuseme ripoti yako inasema Kiswahili 74, Historia 66, Biolojia 62, Kiingereza 58, Uraia 51, Jiografia 44, Fizikia 43 na Hisabati 28. Masomo saba bora yanakupa pointi 21, yaani daraja la pili kwa kuponea chupuchupu. Sasa tazama mipaka. Kiswahili kinahitaji alama 1 kufika A. Biolojia inahitaji 3 kufika B. Jiografia inahitaji 1 na Fizikia 2 kufika C. Jumla ni alama 7 tu, na pointi zako zinashuka hadi 17, ambayo ni daraja la kwanza.

Mtihani wa shule si wa Taifa, na alama hizo saba haziji zenyewe. Ila mwanafunzi aliyekaa na ripoti yake hivi anajua nguvu aipeleke wapi, na sijaona mwanafunzi aliyefanya hesabu hii akabaki na sura ileile aliyokuja nayo. Chagua masomo matatu au manne yaliyo karibu na mpaka, kisha ongeza moja lililo chini sana ulipe muda mfupi kila siku. Katika mfano huu ni Hisabati. Hata kama haimo kwenye yale saba, utaihitaji kwa michepuo mingi ya kidato cha tano na kwa vyuo.

Nasoma kila siku lakini kwenye mtihani sikumbuki. Tatizo ni akili yangu?

Hapana. Hili naliulizwa kuliko yote, na nataka ulisome jibu lake polepole.

Kusahau ni hali ya kila binadamu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amebakiza kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. Aliona kuwa sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, halafu upotevu unapungua kasi. Ulichofundishwa Jumatatu usipokigusa tena mpaka wiki ya mtihani, usishangae kukikuta kama kitu kigeni.

Tatizo la pili ni namna tunavyokigusa. Wanafunzi wengi hurudia kwa kusoma noti tena na tena, pengine wakipigia mistari kwa kalamu ya rangi. Ukisoma ukurasa mara ya nne unauona umeuzoea, na kuuzoea huko kunakudanganya kwamba unaujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hilo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 61.

Mtihani wako hauji baada ya dakika tano. Unakuja Novemba, wakati daftari liko mbali na umebaki na karatasi tupu na kalamu. Kwa hiyo zoezi lako la kila siku lifanane na hilo: karatasi tupu, daftari limefungwa.

Nifanye hivyo kivipi, hatua kwa hatua?

Chagua mada ndogo, kurasa tatu au nne za daftari. Zisome mara moja, taratibu, ukiwa umetulia. Funga daftari. Kwenye karatasi tupu andika yote unayokumbuka: maana, sababu, mifano, mchoro na majina ya sehemu zake. Ukikwama usikimbilie kufungua. Kaa na ugumu huo dakika moja au mbili, maana kule kutafuta kichwani ndiko kunakojenga kumbukumbu. Kisha fungua, linganisha, na kwa kalamu ya rangi nyingine andika ulivyoviacha na ulivyovikosea. Hiyo karatasi yenye rangi mbili ndiyo ramani ya yale usiyoyajua. Itunze.

Kesho yake, kabla ya mada mpya, chukua karatasi nyingine tupu na uandike mada ya jana kwa dakika kumi. Irudie baada ya siku tatu hivi, halafu baada ya wiki. Kila ukirudia utatumia muda mfupi zaidi, na kukumbuka kutakuwa kwepesi. Siku za mwanzo utajiona mjinga, kwa sababu zamani ulikuwa unasoma kurasa ishirini kwa siku na sasa unasoma nne. Vumilia wiki moja tu uone.

Kwa mambo mafupi kama fomula, tarehe, maana za istilahi na alama za kemikali, kata vikadi kutoka kwenye boksi la sabuni au majalada ya madaftari ya zamani. Swali liwe upande mmoja, jibu upande wa pili. Viweke kwenye mafungu matatu: unavyovikosa uviulize kila siku, unavyovijua kidogo kila baada ya siku tatu, unavyovijua vizuri mara moja kwa wiki. Ukiijibu kadi sawasawa inapanda fungu, ukiikosa inarudi fungu la kwanza. Mtindo huu ulienezwa miaka ya 1970 na mwandishi wa habari za sayansi, Sebastian Leitner, na gharama yake ni mkasi na muda.

Hisabati nayo nisome hivyo?

Hisabati haisomwi kwa macho. Kutazama swali lililokwisha kukokotolewa ubaoni na kusema "nimeelewa" ndiko kunakowaangusha wengi katika somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ufaulu wa chini kuliko mengine kidato cha nne. Funika jibu, kokotoa mwenyewe, ukikwama funua mstari mmoja tu, kisha endelea peke yako.

Jambo la pili ni kuchanganya. Kitabu cha kiada kinakupa maswali kumi ya logarithimu mfululizo, na ukifika la nne mkono unakwenda wenyewe kwa sababu unajua fomula ni ileile. Mtihani haukuambii fomula. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi mazoezi ya kutafuta ujazo wa maumbo. Waliofanya kila aina kivyake walifanya vizuri sana wakati wa zoezi, lakini kwenye jaribio la wiki iliyofuata walipata asilimia 20. Wale waliochanganyiwa maswali, ambao zoezini walihangaika, walipata asilimia 63. Basi jiandikie karatasi ya maswali sita: moja la milinganyo, moja la seti, moja la trigonometria, moja la takwimu, na mengine kutoka mada za kidato cha kwanza na cha pili. Kabla ya kukokotoa, andika pembeni hili ni swali la nini na utatumia njia gani. Hapo ndipo wengi hupotezea alama.

Nisome saa ngapi kwa siku?

Saa tatu zilizotulia zinatosha kwa mwanafunzi aliye nyumbani. Ukiweza nne, vizuri. Zigawe: dakika arobaini au hamsini za kazi, kisha simama, nyoosha mgongo, kunywa maji. Jumapili au Ijumaa, kulingana na imani yenu, iache siku moja bila daftari.

Usiibe usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Ukiwa usingizini ubongo unaendelea kuimarisha ulichojifunza. Anayekesha na kibatari kisha akasinzia mchana kutwa amepoteza pande zote mbili.

Nyumbani kuna kazi nyingi. Nitapata wapi hizo saa tatu?

Juni ni mwezi wa mavuno ya mahindi kwa wengi wa Mbeya, Songwe, Njombe, Rukwa na Ruvuma. Hakuna atakayekuachia ukae kivulini na daftari wakati familia iko shambani, na haifai. Ila karatasi tupu haihitaji meza. Chukua vikadi vyako vitano mfukoni ukipukuchua mahindi. Ukichota maji, jieleze kwa sauti hatua za usagaji chakula tangu mdomoni. Ukirudi, kaa dakika arobaini kabla giza halijaingia, na arobaini nyingine alfajiri. Mbeya Juni asubuhi ni baridi kweli, najua, ila nyumba iko kimya.

Hapa nasema na wazazi. Katika nyumba nyingi mtoto wa kiume akisema anasoma anaachwa, na wa kike anaitwa jikoni, kisimani, kumbeba mdogo wake, halafu jioni anaulizwa mbona hasomi. Wote wawili wanafanya mtihani uleule, siku ileile. Wagawieni kazi kwa haki, na mtajieni binti saa zake mbili ambazo hataitwa na mtu, hata mgeni akija.

Nimpeleke mwanangu twisheni au kambi ya shule?

Inategemea anakwenda kufanya nini huko. Twisheni ambamo mwalimu anaandika ubaoni na wanafunzi sitini wananakili ni darasa la pili la kunakili, na unalilipia. Twisheni ambamo mtoto anapewa maswali, anajibu, anasahihishwa na kuambiwa amekosea wapi ina thamani, hasa kwa Hisabati na masomo ya sayansi. Mwulize mtoto swali moja tu akirudi: leo umeandika majibu mangapi wewe mwenyewe? Kambi za kidato cha nne nazo ni hivyohivyo. Ikiwa anakwenda, hakikisha amepata angalau wiki moja ya kulala kwao kabla hajaingia.

Sina vitabu. Nina simu ya mama tu, na bando ni la shida.

Simu inatosha ukiitumia kupakua kwa siku moja na kusoma bila intaneti siku zinazofuata. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na kuvisoma ni bure. Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ina mitihani iliyopita na, muhimu zaidi, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi taarifa wanafunzi wengi hawazijui, na inaniuma. Zinachambua swali kwa swali: lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na zinaonyesha nakala za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Ukisoma moja ya somo lako unaona kabisa kwamba wengi walioanguka waliijua mada, ila hawakujibu kilichoulizwa.

Pastipepa usizisome kama hadithi pamoja na majibu yake. Fanya swali kwanza, kwa muda, ndipo utazame majibu.

Ukimaliza kupakua, mrudishie mama simu yake. Nasema hivi kwa upendo: ukibaki nayo mkononi, video fupi zitakula zile saa tatu. Na kama uko karibu na maktaba ya mkoa, au Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, nenda hata siku mbili kwa wiki kwa ajili ya meza na utulivu.

Nikijieleza kwa Kiswahili nyumbani, sitaharibu Kiingereza cha mtihani?

Hutaharibu. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, sekondari ukakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Wengi walivuka pengo hilo kwa kukariri sentensi ambazo hawazielewi, na swali likigeuzwa kidogo wanapotea. Anza na kuelewa. Osmosisi, kwa mfano: katakata matango, nyunyiza chumvi, subiri robo saa, tazama maji yaliyotoka. Mweleze mdogo wako kwa Kiswahili maji yametoka wapi, yamekwenda wapi na kwa nini. Ukishaweza hilo, chukua karatasi uandike maelezo yaleyale kwa Kiingereza, sentensi nne au tano zako mwenyewe, kisha linganisha na kitabu. Hatua ya pili usiiruke, kwa sababu mtihani utaujibu kwa Kiingereza na mkono unahitaji mazoezi.

Diskasheni na rafiki zangu inasaidia?

Mkiwa watatu au wanne, na kila mmoja amekuja ameandaa maswali ya kuwauliza wenzake, inasaidia sana. Mkiwa kumi, mmoja anaeleza na tisa wanasikiliza.

Mimi niliishia darasa la saba. Nitamsaidiaje mwanangu wa kidato cha nne?

Unaweza kuliko unavyodhani, mzazi mwenzangu. Shika daftari lake, mwambie akueleze alichosoma leo. Huhitaji kukijua. Utasikia mwenyewe pale anapobabaika, pale anaposema "yaani, ile kitu", na pale anapoeleza ukaelewa hata wewe. Akibabaika mwambie, "Hapo sijaelewa, kaangalie, uniambie kesho." Kesho umwulize kweli. Mtoto akijua kuna mtu atakayemwuliza jioni, asubuhi anasoma kwa namna nyingine.

Naomba usimlinganishe na mtoto wa jirani. Ripoti yake ya Mei ilinganishe na ya Novemba iliyopita.

Imebaki wiki moja shule zifunguliwe na sijafanya chochote. Nifanyeje?

Usijaribu kufidia mwezi mzima kwa siku saba. Chagua somo moja lililo karibu na mpaka wa alama na mada mbili ndani yake. Fanya karatasi tupu asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku ya sita fanya pastipepa moja kwa muda wake kamili, siku ya saba pumzika na upange begi. Utarudi ukiwa na mada mbili unazozijua kwelikweli na mazoea yaliyoanza.

Nikirudi shuleni nitaendeleaje na haya? Ratiba ya shule imejaa.

Prepo ni yako. Kabla hujafungua daftari lolote, tumia dakika kumi na tano za mwanzo kuandika kwa kichwa mambo makuu ya vipindi vya siku hiyo. Jumamosi rudia karatasi za rangi mbili za wiki. Mtihani wa utamilifu, ule mnaouita moko, ukirudishwa umesahihishwa, usitazame alama na kuukunja. Yale uliyoyakosa yageuze vikadi siku hiyohiyo, na ambayo huyaelewi mpelekee mwalimu wa somo ukiwa na swali mahususi. "Mwalimu, sielewi Kemia" ni vigumu kukusaidia. "Mwalimu, sijui kwa nini hapa tumezidisha kwa mbili" unajibiwa mlangoni mwa ofisi.